Kigoda cha Mguu Mfupi

Nyumbani kwa Mwalimu Sikuzani, pale Ipuli, kuna kigoda ambacho mgeni hukikalia mara moja tu. Kina miguu minne. Mitatu ni mizuri, ya mninga, imepigwa msasa ikalainika. Wa nne umepungukiwa na inchi nzima. Ukikaa kinakuinamisha kushoto, na kama una kikombe mkononi, chai ni ya nguo yako. Lukumani, mkwe wa Mwalimu, ni fundi mwenye mikono isiyojua kutulia, na amekwisha kuomba mara tatu akitie kipande. Kila mara hujibiwa neno lilelile: "Kiache kama kilivyo. Kimekusudiwa."

Wengi huishia hapo, wakidhani ni ukaidi wa uzee. Anayevumilia hadi kikombe cha pili ndiye hupata habari yote, na habari yenyewe ni ya mwaka sabini na tatu.

Enzi hizo, jamani. Shule iliamka kwa mchakamchaka, redio moja ilisikilizwa na nyumba sita, na kila mtu aliitwa ndugu, hata yule ambaye usingetaka awe ndugu yako. Nguo zilikuwa mbili, ya kazi na ya sikukuu, na hakuna aliyeona haya kwa kuwa jirani naye alikuwa na mbili. Mwalimu Sikuzani akizitaja siku zile sauti yake hulegea, na ukimkatiza hukasirika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, vidole vyeupe kwa chaki, akifundisha darasa la sita katika shule ndogo ya pembeni mwa mji, ambayo kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Aliamini kila lililosemwa kwenye semina. Aliamini pia kwamba moyo mwema haukosei, na hapo ndipo alipokosea.

Januari ile, mvua zikiwa zimeshika, mlangoni mwa darasa alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, kofia mkononi, na nyuma yake msichana wa miaka kumi na mitatu hivi. Mwanamume alijitambulisha kuwa ni Ndayizeye, fundi seremala. Walikuwa wametoka Burundi mwaka uliopita, wakati wa mauaji: yeye, mama yake na mtoto huyu. Wengine wa nyumba ile hakuwataja, na Sikuzani hakumwuliza. Walishuka na ziwa kwa mtumbwi, wakapanda treni Kigoma, na hapa Tabora misheni ikampa Ndayizeye kazi katika karakana.

"Kiswahili anakijua," alisema, mkono begani kwa mtoto. "Sisi ni watu wa kando ya ziwa. Na hesabu anaziweza. Anaitwa Kaneza."

Kaneza alitazama sakafu.

Sikuzani alimtuma kwa mwalimu mkuu akachukue madaftari. Alipotoka tu, akafunga mlango, akawageukia watoto wake arobaini na wanne.

"Mnisikilize vizuri. Mwenzenu huyu ameona mambo ambayo nyinyi hamjayaona, na Mungu awaepushe nayo. Sasa huu utani wenu sitaki usogee karibu naye. Si jina lake, si kabila lake, si namna anavyosema. Atakayemtania atanitambua. Paskazia, umesikia?"

Aliyetajwa alikuwa binti wa mzee Masele, Mnyamwezi wa Itetemia, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na Jumapili.

"Nimesikia, mwalimu," alisema Paskazia, kwa unyenyekevu wa kutisha.

Asiyeijua Tabora ataona hapo hakuna kosa lolote. Lakini mji huu ni njia panda ya misafara, na misafara ndiyo iliyotufundisha kuishi. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe hadi pwani alipita nchi za watu wasiomjua. Alihitaji maji, alihitaji moto, na kama angefia njiani alihitaji mtu wa kumfukia. Basi wakaanzisha utani na wenyeji wa njiani: mimi nakutukana, wewe unanitukana, hakuna anayekasirika, na siku ya taabu wewe ndiye wa kwanza kufika kwangu. Wajukuu wa watu hao ndio waliojaa darasa la sita. Alikuwepo Chiduo, Mgogo, mtoto wa fundi wa reli. Kila asubuhi Paskazia alimwambia, "Chiduo, baba yako kaja tena kwetu kuomba unga," na Chiduo akamjibu, "Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndipo useme." Kisha wakagawana hindi moja la kuchoma. Wasingesemeshana hivyo, mwalimu angejua kuna mmoja anaumwa.

Kwa Kaneza, amri ya mwalimu ilitiiwa kikamilifu. Kwenye bomba alipishwa achote kwanza. Kwenye mstari alipewa nafasi ya mbele. Jumatano, darasa lilipokwenda shamba la shule kupalilia karanga, jembe hakupewa, aliambiwa, "Pumzika, dada, tulindie madaftari." Akakaa kwenye kivuli, magoti pamoja, akiwatazama wenzake wakirushiana udongo na maneno. Alikuwa kama vikombe vya wageni kabatini, vinavyofutwa vumbi kila siku na havinywewi chai. Mwezi mzima ukapita hajasema neno lisilokuwa jibu la hesabu.

Na Sikuzani? Sikuzani alijivuna. Katika kikao cha walimu alisimama, akaeleza jinsi darasa lake lilivyompokea mkimbizi kwa upendo wa kijamaa, hakuna kuonewa, hakuna hata neno moja baya. Walimu wakampigia makofi. Mpaka leo akiyakumbuka makofi hayo hutamani kujificha chini ya meza.

Jumatatu moja ya Februari, Ndayizeye alikuja shuleni, kofia mkononi kama siku ile ya kwanza. Alitaka barua ya uhamisho.

"Uhamisho wa kwenda wapi?"

"Ulyankulu, mwalimu. Kwenye makazi ya wenzetu. Lori linaondoka Jumamosi."

Sikuzani alishika ukingo wa meza. "Nasikia shule ya huko bado ni nguzo na maneno. Bwana Ndayizeye, huyu mtoto ni wa kwanza kwa hesabu. Mwakani ana mtihani wa darasa la saba. Ukimtoa sasa, utakuwa umemkata miguu."

"Najua."

"Kuna mtu amemwonea? Niambie jina lake."

Ndayizeye aliizungusha kofia. Alikuwa mtu asiyependa kumkosea mtu heshima, na maneno yalimtoka kwa shida. "Hakuna aliyemwonea, mwalimu. Ingekuwa wamemwonea, angerudi nyumbani analia, na mimi ningejua la kufanya. Anarudi kimya. Namwuliza, rafiki yako nani? Anasema, wote ni wazuri. Mwalimu, mtoto asiyegombana na mtu hana mtu. Huko Ulyankulu, hata kama shule haipo, atapata wa kugombana naye."

Sikuzani aliomba apewe siku mbili za kuandika barua, uongo mtupu, kwani barua ile ni mistari minne.

Jioni hiyo alikwenda kwao, chumba kimoja na ukumbi nyuma ya karakana, kumsihi tena. Kaneza alikuwa anachambua mchele uani. Aliinuka, akaamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," akarudi kwenye ungo wake. Ndani, juu ya mkeka, bibi yake alikuwa amelala, kikongwe kidogo kisichozidi uzito wa debe la mahindi, lakini mkoromo wake ulitikisa vyombo ukutani. Sikuzani alishtuka. Ndayizeye, kwa mara ya kwanza, karibu atabasamu.

"Mama amekuwa hivyo tangu mimi mtoto. Tulipokuwa tunajificha, tukielekea ziwani, tulipeana zamu ya kumwamsha, maana angekoroma tungesikika mlima wa pili. Kaneza ndiye aliyelala naye. Alikuwa anamziba pua." Akamfunika mama yake vizuri. "Siku hizi anaumwa. Kifua. Nataka azikwe penye watu wetu, siku ikifika. Hapa nani atamlilia? Watu wenu ni wema sana, mwalimu. Wanatupisha njia."

Sikuzani aliondoka pale amebeba neno hilo, wanatupisha njia, na lilikuwa zito.

Mama yake, Bi Zamda, alikuwa anakaanga vitumbua barazani alipofika nyumbani. Bi Zamda alikuwa mwanamke wa Kimanyema mwenye ulimi kama pilipili kichaa. Wateja walikuja kwa vitumbua na wakarudi kwa maneno. Sikuzani alimweleza yote, kuanzia siku ya kwanza, akitegemea kuonewa huruma.

Bi Zamda aligeuza vitumbua vyote saba kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo ukawakataza wasimtanie."

"Ndiyo, mama. Nilimwonea huruma."

"Huruma." Alilitema lile neno kama punje ya mchanga. "Wewe Sikuzani, nilikusomesha ya nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wa kwako ana siku ngapi? Na jembe umemnyima. Babu yangu alifika hapa na msafara kutoka ng'ambo ya ziwa hilohilo, hana ndugu, hana hata jina ambalo watu wanaweza kulitamka. Unadhani alipokewa kwa upole? Mnyamwezi wa kwanza aliyekutana naye alimwambia, Mmanyema, meno yako yamechongwa, unataka kula nani? Babu akamjibu, nyie wapagazi hamna nyama, ni mifupa na kamba tu. Basi. Hapo ndipo alipofika Tabora. Siku zote za kabla alikuwa bado yuko njiani."

"Lakini mama, wale wametoka kwenye mauaji."

"Hapa kwetu hata maiti anataniwa, Sikuzani. Hata maiti. Mtani anaingia kaburini anagoma kutoka, anavaa nguo za marehemu, anaiga kikohozi chake. Wewe, huyo mtoto yuko hai, anatembea, na umemnyima hata haki ya maiti."

Sikuzani alichukua kitumbua kimoja, akakirudisha kwenye sahani. Alikuwa amemfungia mtoto mlango kwa mkono wake mwenyewe, tena akapigiwa makofi. Alilia kidogo, na Bi Zamda akajifanya anapuliza moto.

Kesho yake alijaribu kurekebisha, na alivyorekebisha ni aibu kusimulia. Akamwita Paskazia pembeni. "Ile amri nimeiondoa. Mtanie Kaneza."

Paskazia akamtazama. "Nimtanie nini?"

"Chochote. Kama unavyowatania wengine."

Kwenye mapumziko Paskazia alimsogelea Kaneza, mikono nyuma kama anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. "Wewe Mrundi," akasema, kisha akaishiwa. Akamtupia mwalimu jicho la kuomba msaada. "Wewe Mrundi... una sketi ndefu."

"Asante," alisema Kaneza.

Chiduo akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu hakuwa navyo. Utani wa kuamrishwa ni sawa na chafya ya kuamrishwa. Tena watoto wana akili: walikuwa wamefundishwa kwamba huyu ni kioo, sasa wanaambiwa mrushieni mpira. Jumatano kwenye karanga Kaneza alilinda madaftari kama kawaida. Barua ya uhamisho ilikuwa imeandikwa, imo kwenye mtoto wa meza, mistari minne.

Alhamisi Kaneza hakuja shuleni. Saa nne akaja katekista Wenceslaus na baiskeli yake, akasema yule bibi wa Kirundi amefariki alfajiri, mazishi kesho saa tisa.

Darasa zima lilikwenda, mguu kwa mguu, sare zimefuliwa. Sikuzani alivaa gauni lake la sikukuu, la kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, na kanga begani. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na udongo wa kaburi ulikuwa mwekundu, mzito, umelundikwa pande zote mbili. Watu walifika wa kutosha: mafundi wa karakana, majirani, masista wawili, wazee wa parokia. Wakasimama kwa adabu. Walimpisha Ndayizeye. Walimpisha Kaneza, aliyevaa ile sketi ndefu, macho makavu, mikono imeshikana. Sanduku alikuwa amelipiga randa Ndayizeye mwenyewe, na lilikuwa zuri mno.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Hakuna aliyesema neno la kipuuzi. Sikuzani amehudhuria mazishi tangu utoto, kama asemavyo mwenyewe, na hakuwahi kuona mazishi ya kimya namna ile. Msiba wa Tabora ulikuwa na kelele zake: kuna mama anaanguka, kuna mtani anadai apewe kuku ndipo njia ifunguliwe, kuna mzee anacheka huku machozi yanamtiririka. Huu ulikuwa msiba wa watu wanaopishwa njia. Akajua kwamba kesho lori litakuja, Kaneza atapanda, na huko mbele atakapoulizwa Tabora palikuwaje atasema, wote walikuwa wazuri.

Katekista Wenceslaus akafungua kitabu. Wabebaji wakainama kushika kamba.

Na Mwalimu Sikuzani, mtumishi wa serikali, akamkabidhi Paskazia kanga yake, akakaa kwenye ukingo wa kaburi, akateremka ndani.

Udongo ulimpokea hadi vifundoni. Juu yake palizuka mnong'ono, sista mmoja akafanya ishara ya msalaba. Sikuzani anasema jambo la kwanza alilofikiri ni gauni. Kisha akapaza sauti.

"Hazikwi mtu hapa!"

Wabebaji wakasimama.

"Nasema hazikwi mtu. Huyu bibi kafika kwetu juzi juzi tu. Jembe hajashika, kuni hajaokota, mchele wetu kala. Leo anataka na udongo wetu bure, alale? Mimi ni Mmanyema, babu yake mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa lilelile, na alipofika hapa alifanyishwa kazi. Sitoki. Kwanza nimechoka kufundisha, nalala mimi." Na akalala, chali, kwenye tope, gauni la sikukuu na yote.

Ndayizeye alikuwa ameganda. Uso wake ulibadilika rangi, akashika mpini wa sepetu, na kwa nukta chache Sikuzani aliamini kuwa amefanya kosa la pili kubwa kuliko la kwanza, kwamba amemtukania mtu mama yake mbele ya sanduku lake. Lakini Wenceslaus alikuwa Mnyamwezi kabla hajawa katekista. Alifunga kitabu chake taratibu, akaweka kidole kwenye ukurasa, akamsogelea Ndayizeye.

"Tulia, ndugu yangu," alisema. "Hakutukani. Huyo ni mtani. Hapa kwetu mtu asiye na mtani kaburini ndiye asiye na kwao. Umepata mtu."

Sepetu ikabaki mkononi mwa Ndayizeye. Watu wote wakawa wanamtazama yeye, na yeye hakujua atazame wapi.

Kaneza ndiye aliyesogea. Alikuja hadi ukingoni, akachungulia. Kutoka chini Sikuzani aliona uso wake umeinama, na nyuma yake mbingu ya mvua.

"Mwalimu."

"Nini?" alisema Sikuzani kwa ukali wa mtani.

"Lala tu. Lakini bibi anakoroma."

Halafu ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitarajia, kicheko kikubwa, kizito, cha kifuani: Ndayizeye. Alicheka akiwa ameegemea sepetu, akacheka mpaka akapiga magoti, na kicheko kikageuka kilio katikati bila mtu kujua kilipogeukia. Mafundi wa karakana wakacheka. Sista yule aliziba mdomo, mabega yanatikisika. Na Paskazia, aliyekuwa ameubana mdomo wake wiki sita nzima, akashindwa.

"Hata mwalimu anakoroma! Kwenye kipindi cha uraia, tumemsikia! Wakilala wote wawili, Kaneza, nani atapata usingizi kwenye makaburi haya?"

"Wewe mwenyewe," Kaneza akamgeukia, "hata ukiwa macho unakoroma."

Hapo darasa la sita likaangua kicheko, na Kaneza, ambaye hakuwa amedondosha chozi tangu Burundi, akakaa juu ya lundo la udongo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto anavyopaswa kumlilia bibi yake. Paskazia akakaa naye kwenye tope, akamfunika na kanga ya mwalimu, akalia pia, maana watani ndivyo walivyo.

Sikuzani alitolewa kaburini na wanaume wawili kwa ahadi kwamba atalipwa. Bibi akazikwa vizuri, na kelele za kutosha.

Jumamosi lori lilikuja mbele ya karakana, likapakia familia mbili, likangoja robo saa, likaondoka. Sikuzani alikuwa amejificha nyuma ya duka la Mfaume kama mwizi wa kuku, akihesabu vichwa. Hakumwona Ndayizeye, hakumwona Kaneza. Hakuwa na uhakika hata hivyo. Huenda wamepanda lingine, huenda wako chini ya turubai. Jumapili hakula. Bi Zamda akamwambia kama atakufa aseme mapema, ili aloweke mchele.

Jumatatu asubuhi, baada ya mchakamchaka, Sikuzani aliingia darasani na kulikuta limenyamaza kwa namna ambayo kila mwalimu anaiogopa. Kiti chake hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kigoda kipya cha mninga, kinang'aa, kinanukia karakana. Kaneza alikuwa amekaa dawati moja na Paskazia, na wote wawili walikuwa wanasoma kwa bidii kitabu kilichogeuzwa juu chini.

"Hiki nini?"

Kaneza akasimama. "Malipo, mwalimu. Ya kutoka kaburini. Baba amekuchongea."

Sikuzani alitaka kusema maneno mazuri, ya shukrani, ya ukaribisho, aliyokuwa ameyatayarisha tangu Januari. Ili asilie mbele ya watoto, akakaa.

Kigoda kikamwinamisha kushoto, chaki zikamwagika, rejesta ikaenda upande wake, na Mwalimu Sikuzani akajikuta sakafuni, miguu juu. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu mkuu akatokea dirishani.

"Baba amesema," Kaneza aliendelea, uso mkavu kama hakimu, "ukiacha tabia ya kulala kwenye makaburi ya watu, atakurefushia mguu wa nne. Na amesema ile barua uichane."

Sikuzani aliichana palepale, akiwa bado amekaa chini. Jumatano, kwenye karanga, Paskazia alimrushia Kaneza jembe. "Shika, Mrundi. Madaftari yana miguu? Yatakimbia?" Kaneza alilidaka.

Hiyo ndiyo habari ya kigoda. Mengi yamekwenda tangu hapo. Lile shamba la karanga sasa limejaa nyumba, Bi Zamda amelala, Ndayizeye naye amelala karibu na mama yake, na Paskazia ana wajukuu wenye midomo kama yake. Mume wa Mwalimu alitangulia, watoto wakatawanyika. Jioni nyingine nyumba ile ya Ipuli huwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na Mwalimu husema wazi kwamba kufa hakumwogopeshi. Anachoogopa ni kuzikwa kimya, na watu wenye adabu.

Lakini kila likizo ya shule hushuka mwanamke wa makamo kutoka treni ya Mwanza, mwalimu mkuu mstaafu mtarajiwa wa huko Bukene, kapu la karanga kichwani. Huanza kusema kabla hajavuka kizingiti.

"Shikamoo mwalimu. Kumbe bado upo? Mimi nimeshafua na nguo ya kulalia mlangoni, jeneza lako lisipite."

"Marahaba. Utalala wewe kwanza, Mrundi. Nitakuja kukoroma juu yako."

Kisha Kaneza huvuta kigoda cha baba yake bila kukitazama, hukikalia, huegemea kulia kidogo, na kunywa chai yake yote bila kumwaga hata tone.